Mwenyeji Katika Nyumba ya Mgeni: Vituo vya Wanafunzi Wenyeji Vyuoni na Suala la Lugha ya Utafiti

Wafasiri wa Kiswahili wamepata taabu kubwa katika kulipatia jina lile kundi la mataifa madogo ambayo Umoja wa Mataifa uliyatolea Azimio la haki zao mwaka 2007. Wengine husema watu wa asili, wengine jamii asilia, na wengine wazawa. Kila jina lina kasoro yake. Neno asili huelekea kumfunga mtu katika siku zilizopita, kana kwamba yeye ni masalio tu ya zamani. Na neno mzawa halipambanui kitu, maana kila mtu ni mzawa wa mahali fulani. Limebaki neno moja la siku nyingi, mwenyeji, nalo ndilo litakalotumika katika makala hii. Halikuchaguliwa kwa kuwa halina utata. Limechaguliwa kwa ajili ya utata wake. Mwenyeji ni mtu wa mahali, mwenye haki na mji. Mwenyeji vile vile ni yule ampokeaye mgeni, amwambiaye karibu, ampaye maji na mahali pa kukaa. Lugha imeziona hali hizo mbili kuwa ni moja, na haikukosea: asiyeweza kukaribisha hana mji.

Wamaori wa Nyuzilandi, ambao nchi yao iko mbali kabisa na pwani ya Afrika Mashariki, wana msemo uliojengwa kwa fikira iyo hiyo. Tangata whenua maana yake ni watu wa ardhi. Msemo huo huwataja wenyeji wa visiwa vile mbele ya walowezi waliotoka Ulaya. Na huwataja pia wenye marae, yaani uwanja na nyumba ya mkutano ya ukoo, siku wanapopokea wageni. Ulinganifu huu wa Kiswahili na Kimaori si pambo tu la kuwafurahisha wanaisimu. Unatoa kipimo cha kuhakikia vituo ambavyo vyuo vikuu vya Nyuzilandi, Australia, Kanada, Hawaii na Marekani kwa jumla vimeanzisha tangu miaka ya 1970 kwa ajili ya kuwasaidia wanafunzi wenyeji na kuendeleza utafiti wao. Ndani ya kituo hicho, nani anamkaribisha nani?

Nyuzilandi yafaa kutazamwa kwanza, kwa kuwa huko jambo hili limekwenda mbali na makosa yake yanaonekana wazi. Sheria ya Shule za Wenyeji ya mwaka 1867 ilitaka masomo yafundishwe kwa Kiingereza, na vizazi vya watoto vikaadhibiwa kwa kusema Kimaori shuleni. Mtoto aliyevuka matatizo yote hayo akafika chuo kikuu alikuta lugha yake haimo. Mwaka 1951 Bruce Biggs alipoanza kufundisha Kimaori katika chuo cha Auckland, ambacho siku hizo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Nyuzilandi, kazi hiyo iliwekwa chini ya idara ya anthropolojia. Biggs alikuwa mwanaisimu hodari, na hakuna sababu ya kumlaumu. Lakini mahali pale pa kuwekwa palikuwa na maana yake. Kifaransa kilikuwa na idara kwa kuwa ni lugha ya watu wenye fikira na vitabu. Kimaori kilikaa pamoja na vinyago na silaha za mawe, kitu cha kutazamwa na watu wengine.

Waliolivunja zoea hilo walikuwa wanafunzi. Mwezi wa Septemba 1972 kikundi cha vijana kilichoitwa Ngā Tamatoa, chenye wanafunzi wengi wa Auckland, kikishirikiana na chama cha lugha ya Kimaori cha chuo cha Victoria kilichoko Wellington, kilipeleka bungeni ombi lililotiwa sahihi na watu zaidi ya 30,000. Waliomba Kimaori kifundishwe shuleni. Hawakuomba chumba, wala mshauri, wala punguzo la karo, waliomba lugha. Hili ni la kukumbuka, kwa sababu historia ya vituo hivi huelezwa mara nyingi kana kwamba vilizaliwa na huruma ya wakuu wa vyuo walioona wanafunzi wenyeji wakishindwa mitihani. Vilizaliwa na madai, na madai ya kwanza yalihusu lugha.

Matunda ya madai hayo yalionekana katika miaka ya 1980. Mwaka 1982 zilianza shule za watoto wachanga ziitwazo kōhanga reo, yaani kiota cha lugha. Mwaka 1987 Kimaori kikawa lugha rasmi ya nchi kwa sheria. Na katika vyuo vikuu zikajengwa marae. Ile ya Victoria, Te Herenga Waka, ilipata nyumba yake ya nakshi mwaka 1986. Ile ya Auckland, Waipapa, ilifunguliwa mwaka 1988, na nyumba yake kubwa ni kazi ya mchongaji Pakariki Harrison. Mtu asiyeyajua mambo haya aweza kudhani kwamba nyumba hizo ni ukumbi wa sherehe, au makumbusho madogo ya kuwaonyesha wageni. La hasha. Humo hufundishwa, humo hulala wanafunzi siku za warsha, humo huwekwa maiti wa msomi kabla ya kuzikwa na watu wakamlilia kwa lugha yake.

Ajabu kubwa ya nyumba hizo ni adabu ya kuingia. Mgeni haingii kwa kuwa anayo kadi ya chuo. Husimama langoni na kungoja. Mwanamke wa upande wa wenyeji hupaaza sauti ya kumwita, na mwanamke wa upande wa wageni huitikia, ndipo kundi likasogea polepole, likikatisha uwanja, likiwakumbuka wafu wa pande zote mbili. Huja hotuba, na kila hotuba hufuatwa na wimbo. Kisha watu hugusana pua, kisha hula. Profesa aliyeajiriwa jana hupita njia hiyo, na hata makamu mkuu wa chuo aliye mpya hungoja aitwe. Kwa muda wa saa moja au mbili, chuo kikuu, ambacho kimezoea kutoa nafasi na kunyima nafasi, kinakuwa mgeni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyetoka kijijini, ambaye asubuhi ile ile hakujua maktaba iko wapi, yuko upande wa wanaopokea. Hakuna ofisi ya ushauri iwezayo kumfanyia hivyo.

Jina Te Herenga Waka lenyewe lina maana ya mahali pafungwapo mitumbwi, na mtu wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Wanafunzi wa makabila mbalimbali, wengine wa koo zilizopigana zamani, hufunga vyombo vyao bandari moja bila mmoja kulazimika kuacha chombo chake. Mwaka 2019 chuo kizima kililichukua jina hilo kuwa jina lake la Kimaori. Wapo walioona ni heshima. Mhakiki aweza pia kuuliza kama jina halikutangulia mambo yenyewe, kwa maana mtu akitoka langoni mwa marae na kuvuka barabara, mambo yote hurudi kama yalivyokuwa. Mihadhara, mitihani, mikutano ya seneti na barua za ofisini huendeshwa kwa Kiingereza. Mwenyeji amekuwa mwenyeji katika kiwanja kimoja. Kwingineko ni mgeni anayetunzwa vizuri.

Na neno kutunzwa ndilo lenye matata. Vituo vingi, vya Nyuzilandi na vya nchi nyingine zilizotajwa, vimejengwa juu ya dhana ya msaada, na msaada humdhania anayepewa kuwa ana upungufu. Mwanafunzi mwenyeji huandikwa katika taarifa za chuo kwa hesabu za walioacha masomo na walioshindwa. Hupewa mshauri, mwalimu wa ziada, chumba chenye kahawa na viti vizuri. Si vibaya, na asiyewahi kuwa peke yake katika ukumbi wa watu mia tatu asivibeze. Lakini msaada wa namna hiyo huacha swali moja bila kuguswa: je, upungufu uko kwa mwanafunzi au uko katika elimu anayopewa? Aidha, msaada hudaiwa risiti. Mwezi wa Machi 2024 kibao kimoja katika Chuo Kikuu cha Auckland, kilichotangaza kwamba sehemu fulani ya kusomea imetengewa wanafunzi wa Kimaori na wa visiwa vya Pasifiki, kilizua kelele nyingi magazetini na miongoni mwa wanasiasa, wengine wao wakiwa viongozi serikalini, waliodai kwamba huo ni ubaguzi wa rangi. Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuna aliyeweza kusema hivyo kwa urahisi juu ya marae, kwa kuwa marae humkaribisha kila mtu kwa masharti ya wenyeji. Chumba kilichotolewa na chuo kama hisani chaweza kudaiwa kesho. Nyumba ambayo chuo chenyewe huingia kwa kuitwa ni vigumu kuidai.

Upande wa pili wa jambo hili ni utafiti, na hapo hapana budi kukitaja kitabu cha Linda Tuhiwai Smith, Decolonizing Methodologies, kilichotoka mwaka 1999 na kupata toleo la tatu mwaka 2021. Mwandishi ni Mmaori wa Ngāti Awa na Ngāti Porou, na katika ujana wake alikuwa mmoja wa Ngā Tamatoa. Kitabu, kwa hiyo, ni mtoto wa ombi la 1972. Hoja yake ya msingi ni kwamba utafiti haukuja kwa wenyeji kama elimu isiyo na upande. Ulikuja pamoja na bunduki na ramani. Watu walipimwa, walihesabiwa, mafuvu ya wazee wao yalichukuliwa, hadithi zao ziliandikwa na majina ya watu wengine yakawekwa juu ya jalada; ndiyo maana neno lenyewe linanuka katika vinywa vya wenyeji wengi.

Msomaji wa Kiswahili aweza kusadiki hilo bila kwenda mbali. Kamusi za kale huliweka kitenzi tafiti karibu na udadisi wa kupita kiasi, tabia ya mtu apekuaye mambo ya wenzake yasiyomhusu. Uchunguzi nao, neno lililokuwa katika jina la Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam tangu 1970 hata taasisi hiyo ikaunganishwa na idara ya chuo mwaka 2009 na kuitwa ya Taaluma, ni kazi ya polisi pia. Waswahili walikwisha kumwona mtafiti kabla hajajieleza. Wamaori wamelichagua neno rangahau, lenye maana ya kutafuta na kufuatia, na katika sehemu ya pili ya kitabu Smith anaonyesha jinsi utafiti waweza kugeuzwa uwe wa namna hiyo: anaorodhesha kazi 25 ambazo wenyeji wanazifanya wenyewe, kama vile kudai, kushuhudia, kukumbuka, kutaja kwa majina, kurudisha na kugawana.

Sehemu hiyo ndiyo iliyokifanya kitabu kiwe chombo cha kazi. Mwaka 2002 kilianzishwa kituo cha kitaifa cha utafiti wa Kimaori, Ngā Pae o te Māramatanga, chini ya Chuo Kikuu cha Auckland, na Smith akawa mmoja wa wakurugenzi wawili wa kwanza. Pamoja na kituo hicho ukaenea mtandao uitwao MAI, uliojiwekea lengo la kupata Wamaori 500 wenye shahada ya uzamifu, au walio njiani kuipata, katika muda wa miaka mitano. Ubora wa mpango huo ni kwamba ulikataa kutenga msaada na utafiti. Wanafunzi wa vyuo mbalimbali hukutana, huandika pamoja kwa siku kadhaa, husomeana sura za tasnifu, na anayehitimu hugeuka kuwa mlezi wa anayefuata. Hapo anayesaidiwa ni mtafiti, wala si mgonjwa. Hata hivyo, kituo chenyewe kiliishi kwa fedha za kushindaniwa, na katika mchujo wa mwaka 2014 hakikuchaguliwa, hata ikabidi serikali itenge nafasi ya pekee kwa ajili ya kituo cha Kimaori ndipo kikaendelea. Mwenyeji ambaye kila baada ya miaka michache huomba upya ruhusa ya kukaa kwake bado hajawa mwenyeji.

Kasoro iliyo nzito zaidi ni ya lugha, nayo yaanzia katika kitabu chenyewe. Decolonizing Methodologies kimeandikwa kwa Kiingereza. Mwandishi anaujua ubishi huo. Anamtaja Ngũgĩ wa Thiong'o na rai yake juu ya mwandishi wa Kiafrika aandikaye kwa lugha ya aliyemtawala. Lakini baada ya kumtaja anaendelea na safari. Katika zile kazi 25, lugha imepewa nafasi yake hasa chini ya kazi ya kuhuisha, yaani kama kitu kilichougua na kinachopaswa kuponywa. Haionekani sana kama chombo ambacho kwacho mtafiti huuliza, hupinga, hupambanua na kufikia uamuzi. Tofauti si ndogo. Lugha inayohuishwa ni mada ya utafiti. Lugha inayofanyiwa utafiti ndani yake ni mwenye nyumba. Ni haki kuongeza kwamba kitabu kilikusudiwa kuwafikia wenyeji wa nchi nyingi wasiosikilizana ila kwa Kiingereza, na kimewafikia. Ngũgĩ mwenyewe, aliyefariki mwaka 2025, aliiagia lugha hiyo mwaka 1986 katika kitabu alichokiandika kwa lugha hiyo hiyo. Lakini yeye aliaga.

Vyuo vya Nyuzilandi huruhusu tasnifu iandikwe kwa Kimaori, na zipo za uzamifu zilizoandikwa hivyo kutoka mwanzo hadi mwisho. Ruhusa ni jambo jema, lakini mwanafunzi aitumiaye huingia katika matatizo yasiyoandikwa katika kanuni. Msimamizi lazima awe na taaluma ya somo na ufasaha wa lugha pamoja, na wenye vyote viwili ni wachache na wamelemewa. Mtahini wa nje atatoka wapi, ikiwa wote waijuao lugha hiyo ni jamaa, walimu au wanafunzi wenzake? Istilahi zitatoka wapi? Maswali haya ndiyo kazi halisi ya kituo cha utafiti. Kituo kinachoweza kumpatia mwanafunzi kahawa, kompyuta na faraja lakini kisichoweza kumpatia mtahini kimemfikisha mlangoni tu.

Huko Hawaii wamelijaribu jambo hilo kwa ukali zaidi. Kihawaii kilifutwa shuleni kwa sheria ya mwaka 1896. Kikarudishiwa hadhi ya lugha rasmi mwaka 1978. Mwaka 1983 wazazi na walimu wakaanzisha shirika la shule za watoto kwa kuiga kōhanga reo za Wamaori. Mwaka 1997 kikaundwa katika chuo kikuu cha Hilo chuo kishiriki cha lugha ya Kihawaii, kilichopewa jina la Ruth Keʻelikōlani, bibi wa ukoo wa kifalme aliyekuwa gavana wa kisiwa cha Hawaii katika karne ya 19. Bibi huyo ni mashuhuri kwa kushika lugha yake: mgeni aliyetaka kusema naye kwa Kiingereza alipaswa kuja na mkalimani. Katika chuo hicho Kihawaii ndicho lugha ya kazi pia, mpaka ofisini. Mwanafunzi hapokewi ili afarijiwe kwa kuipoteza lugha. Hupokewa kwa lugha hiyo, na asiyeijua hufundishwa kwanza.

Pingamizi kubwa dhidi ya njia ya Hilo lastahili kusikilizwa. Kwa sensa ya mwaka 2013, Wamaori wapatao 21 tu katika kila 100 ndio walioweza kuzungumza Kimaori. Ukifanya lugha kuwa lango, utakuwa umewaadhibu mara ya pili wajukuu wa wale waliopigwa kwa ajili ya lugha hiyo. Mjukuu huyo anajiona mgeni chuoni kwa kuwa ni Mmaori, na atajiona mgeni katika marae kwa kuwa hajui kuitikia mwito. Wapo wanafunzi wasemao kwamba aibu hii ya pili ni kali kuliko ile ya kwanza. Pingamizi hili halibatilishi kipimo, lakini linakiongezea sharti: kituo lazima kiwe shule ya lugha kabla ya kuwa jambo lingine lolote, na kifanye hivyo bila dharau. Fedha za msaada zikitumika hapo, zitakuwa zimetumika mahali pake.

Wasomi wa Kenya wana sababu ya kuyafuatilia mambo haya zaidi ya udadisi. Mwezi wa Oktoba 1968, miaka minne kabla ya ombi la Wamaori, Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika pendekezo lao mashuhuri la kuiondoa Idara ya Kiingereza katika chuo cha Nairobi na kuweka mahali pake idara ya fasihi na lugha za Kiafrika. Fasihi ya Afrika iliwekwa katikati, kama walivyotaka, nayo fasihi simulizi ikapata heshima chuoni. Lugha zilikwenda njia yake, na fasihi ile iliyowekwa katikati ikaendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Smith alipomsoma Ngũgĩ, basi, alisoma matunda ya vita ambavyo nusu yake vilikuwa havijashindwa.

Kiswahili kimefanikiwa zaidi. Kinafundishwa kwa Kiswahili, tasnifu zake huandikwa kwa Kiswahili, watahini hupatikana. Hapo lakini ndipo kipimo cha mwenyeji kinapogeuka na kuwa kigumu. Mwezi wa Mei 2017 Mahakama ya Afrika iliwatambua Waogiek wa msitu wa Mau kuwa ni wenyeji kwa maana ile ya Azimio la 2007, ambalo Kenya haikulipigia kura ya ndiyo wala ya hapana, na ambalo Nyuzilandi ililipinga hadi ilipoliunga mkono mwaka 2010. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali iendeleze lugha za wenyeji. Mwanafunzi wa Kiogiek anayeingia idara ya lugha za Kiafrika leo atakuta kwamba lugha inayompokea, inayomsahihisha na inayomtahini ni Kiswahili. Akitaka kuandika juu ya msamiati wa mizinga, maua na majira ya asali, ataandika kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na maneno ya babu yake yatakaa katika safu ya mifano, kwa herufi za mlazo. Kimaori kilikaa hivyo hivyo Auckland mwaka 1951. Kuyatoa maneno hayo katika safu ile kungehitaji, pamoja na mengine, mtahini wa pili atokaye Mau mwenyewe, mzee ajuaye kazi ya nyuki; na kanuni za mitihani, kama zilivyo katika vyuo vingi, humtaka mtahini awe na shahada ya uzamifu.